Nimejaribu Mimi Mwenyewe

Kila mfanyakazi mpya katika ofisi yetu ya matangazo mjini Migori alikalishwa kwanza mbele ya televisheni. Hakuulizwa vyeti. Madam, mwenye ofisi, alivuta pazia, akapangusa diski kwa upindo wa leso yake, akaiingiza kwenye mashine, na kwa karibu nusu saa mgeni alitazama wazungu wa zamani waliovaa suti wakivuta sigara ndani ya chumba ambacho hakuna aliyefikiria kufungua dirisha lake. Ilikuwa sehemu moja ya tamthilia ndefu kuhusu watu wa kazi kama yetu, wa enzi za taipureta, katika jiji la majumba marefu. Madam alikuwa ameinunua Isebania, kwa mchuuzi aliyemwapia kwamba ndani mna sehemu kumi na tatu. Ilikuwemo moja, na hata hiyo ilikwama.

Ilikwama mahali pale pale kila mara. Kijana wa ofisi ile ameandika tangazo la uongo na kulipeleka kwa wateja kwa jina la mkuu wake, bila mkuu kujua. Uongo umegundulika. Wateja wamekaa upande mmoja wa meza, mkuu upande wa pili, na kijana amesimama karibu na mlango akitoka jasho. Mteja mmoja anasukuma karatasi mezani na kuuliza, "Maneno haya ni yako?" Mkuu anainua macho. Mdomo unaanza kufunguka. Hapo picha inaganda.

"Haya," Madam alisema, akizima. "Atajibu nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu yetu. Dereva wetu, mtu wa maneno machache, alijibu kwamba mzungu atamtazama kwanza yule kijana, akaajiriwa papo hapo. Mimi, niliyetoka chuo kikuu na digrii ya fasihi na viatu vya kuazima, nilizungumza robo saa nzima kuhusu uzuri wa kisa kinachoachwa wazi kama mlango. Madam alinisikiliza kwa upole, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Nimekuuliza mzungu atasema nini, wewe unaniambia habari za mlango," akasema. "Lakini nitakuchukua. Unajua kuandika mambo marefu. Mimi najua kukata."

Tangu siku hiyo nikawa Profesa.

Ninaandika haya kwa sababu miaka minne baadaye nilimfanyia Madam kile ambacho yule kijana alimfanyia mkuu wake. Naye Madam aliulizwa swali lile lile, mbele ya watu, nami nikiwa nimesimama karibu na mlango. Mlango wangu ulikuwa wa gari.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo niliyoiiba.

Haikuwa sauti tamu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo kidogo, ya mwanamke aliyewahi kuita ng'ombe mbali. Ilitoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya gari letu, Probox nyeupe, na kutoka Isebania hadi Homa Bay hapakuwa na mtu ambaye hakuijua. Alitangaza mazishi, harambee, chanjo ya watoto, ng'ombe aliyepotea. Alipotangaza mazishi hakuweka muziki. Alitaja jina, akanyamaza kidogo, akalitaja tena. Wanawake mashambani walisimamisha majembe wakati wa kile kimya, si wakati wa jina.

Bidhaa zilikuwa jambo jingine. Kwa bidhaa alikuwa na sheria moja: hatangazi kitu ambacho hajakitumia. Akishakitumia na kuridhika, alimalizia tangazo kwa maneno matatu, "Nimejaribu mimi mwenyewe," na maneno hayo yalifanya kazi kuliko lolote nililoandika. Sabuni aliifulia mwezi mzima. Gambuti alizivaa msimu wa mvua hadi kanisani. Kuna fundi wa majeneza wa Homa Bay aliyekuja kutaka tangazo, akidhani kwamba kwa bidhaa yake sheria italegezwa. Madam alivua viatu, akapanda mezani, akalala ndani ya jeneza, akakunja mikono. Dereva alitoka mbio akimwita Mungu kwa Dholuo. Mwenye jeneza alishika kichwa: kwetu mtu hachezei kitanda kile.

Madam akaketi. "Ni fupi," akasema. "Mtu mrefu atakunjwa. Nenda urefushe."

Alikwenda akarefusha. Lakini hata hapo Madam alikataa kusema kwamba amejaribu. "Sijamaliza," alieleza.

Msidhani alikuwa malaika. Umri wake ulirudi nyuma kila mwaka. Mchungaji wake aliamini kwamba mwanamke huyu hatazami filamu. Na la ajabu zaidi, katika wilaya zote mbili, Migori na Homa Bay, sijaona mtu aliyedanganywa na matangazo kama yeye. Alinunua kila kitu kilichotangazwa na wengine: chai ya kupunguza tumbo, kitana cha sumaku, maji ya kuotesha nyusi. Nilipomcheka alijibu, "Sasa Profesa, nitajua ukweli kutoka kwa nani? Si lazima mtu mmoja ajaribu?" Kabati lake lilikuwa makaburi ya ahadi.

Hakuwa na huruma kwa maandishi yangu. Nikimpelekea ukurasa, alirudisha mstari. Nikimpelekea mstari, alirudisha neno, tena neno lenyewe lilikuwa "njooni." Kwa miaka minne sikusikia sentensi yangu hata moja ikitoka kwenye spika zile ikiwa nzima. Mtu mzima kulalamikia jambo kama hilo ni aibu, najua. Lakini hapo ndipo uovu wangu ulipoanzia, na ningependa uovu wangu uwe na chanzo kikubwa zaidi ya hicho.

Siku moja, mvua ndefu ikikaribia, alikuja mwenye duka la pembejeo na mbegu mpya ya mahindi. Alisema mbegu ile inashinda kayongo.

Asiyetoka kwetu huenda hajui kayongo. Ni gugu lenye ua dogo la zambarau, zuri la kuweka mezani. Chini ya udongo linashika mizizi ya mahindi na kunyonya, na shamba linakauka likiwa limesimama. Ndhiwa kuna watu wanaolitaja kwa sauti ya chini, kama jina la jirani mchawi.

Madam alisikiliza, akakubali jambo moja: kujaribu. Alimtuma dereva Ndhiwa kuleta magunia mawili ya udongo kutoka shamba lenye kayongo, maana mbegu za gugu hilo hukaa humo humo udongoni. Akaumwaga nyuma ya ofisi ndani ya mabeseni mabovu, akapanda mahindi yale.

"Uje baada ya miezi miwili," akamwambia yule mtu.

"Madam, miezi miwili watu watakuwa wanapalilia! Mvua ni wiki hii."

"Basi utauza msimu ujao."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, na katika daftari langu kulikuwa tayari na maneno. Yalikuwa manne tu. Hayakuhitaji kukatwa. *Kayongo, tafuta shamba lingine!* Nilijua, kama mtu anavyojua amependa, kwamba watoto wangeyaimba njiani. Nilimsomea Madam.

"Ni mazuri," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Tuyaweke hadi tujue kama ni kweli."

Siku mbili baadaye alikwenda Homa Bay kwa wiki nzima, kuchora ukuta wa duka moja. Mwenye mbegu alirudi, akataka tangazo kwa sauti ya Madam. Hakunishawishi sana, nakumbuka alimaliza kunisifu kabla hata ya chai kupoa. Rekodi zote za Madam zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. "Kayongo" nililitoa kwenye tangazo la baraza la afisa wa kilimo. "Mbegu" nililitoa kwenye tangazo la chama cha wakulima. "Tafuta" ilitoka kwa ng'ombe aliyepotea. Nilikata na kuunga mchana kutwa, mlango umefungwa. Na mwisho kabisa, kwa sababu bila hayo tangazo lilikuwa na njaa, nilichukua yale maneno matatu kutoka kwenye tangazo la gambuti.

Sikupokea chochote. Niliuza sauti ya mtu ili nisikie sentensi yangu ikiwa nzima.

Madam aliporudi alikuta mvua imeshika. Tulikuwa tunakunywa chai pikapu ya yule mtu ilipopita mbele ya ofisi, na sauti ya Madam ikamkuta Madam ameshika kikombe. *Nimejaribu mimi mwenyewe.* Alisikiliza hadi ikakata kona. Dereva alitazama sakafu. Mimi nilitazama sukari.

"Imepita mara ngapi?" akauliza.

"Sijui, Madam."

"Hujui."

Alikunywa chai yote, akasimama, akaenda dukani kwa yule mtu. Sijui walichoambiana. Pikapu haikusikika tena. Lakini mbegu ilikuwa tayari ardhini, tangu Migori hadi vilima vya Ndhiwa.

Nilidhani ataizunguka nchi siku ile ile kukana. Hakufanya hivyo. "Siwezi kusema ni mbaya," alimwambia dereva, "kwa sababu hiyo pia sijajaribu." Akaenda nyuma ya ofisi, akainama juu ya mabeseni.

Kwa wiki saba tuliishi hivyo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Madam aliinama. Kila jioni, akishaondoka, niliinama mimi. Mahindi yaliota vizuri, ya kijani iliyokolea, na nikaanza kuamini kwamba nimetangaza ukweli kwa bahati. Niliomba. Mtu aliyeandika tasnifu kuhusu kutoamini alipiga magoti katika matope, akiyaombea mabeseni. Madam hakuniuliza kitu. Alinituma chai, alinikata maneno, na aliniita Profesa kama kawaida.

Asubuhi ya kuanza wiki ya nane nilimkuta amechuchumaa bila kusonga. Katika beseni la tatu, chini ya mahindi yaliyoanza kunyauka, kulikuwa na vichipukizi vyembamba vya kijani. Vilikuwa vingi.

"Washa gari," akamwambia dereva. "Tunaenda Ndhiwa."

Ilikuwa siku ya soko. Habari ilikuwa imetutangulia, maana kayongo ilichipuka kwao siku zile zile ilipochipuka kwetu. Hatukuwa hata tumefika kwa wauza viatu watu walipolizunguka gari. Madam alishuka bila maikrofoni. Mimi nilishuka nyuma yake, nikabaki nimeshika mlango.

Mzee mmoja, ambaye wote walimwita Jaduong', alikuwa na kishada cha mahindi yaliyokauka, kayongo ikining'inia kwenye mizizi. Alikiweka juu ya boneti taratibu.

"Mama," akasema, "sisi hatukununua mbegu kwa yule mtu. Tulinunua kwako."

"Ndiyo, Jaduong'."

Mwanamke mmoja kijana alisukuma mbele akiinua simu yake. Alikuwa amerekodi pikapu ilipopita. Akabonyeza. Soko zima, hata wauza kuku, likanyamaza likisikiliza kazi yangu.

"Hii sauti ni yako?" Jaduong' akauliza.

Mnajua nilichokiona. Niliiona meza, karatasi, wazungu. Nilimngoja Madam ageuke anitazame. Nilikuwa nimetayarisha uso. Lilikuwa jambo rahisi kwake: kusema kwamba mashine imemwiga, kwamba kuna mtu, kwamba huyu hapa.

Hakugeuka.

"Ni yangu."

"Na ulijaribu?"

Hapo alinyamaza, kile kimya chake cha mazishi. "Sikujaribu."

"Sasa ulisemaje umejaribu?"

"Hilo sina jibu la kuwapa leo."

"Haki ya Mungu!" yule mwenye simu akapaza sauti. "Watoto wangu watakula hiyo sauti? Wewe mama, tulikuwa tunakuamini kuliko chifu!"

Mtu fulani akacheka vibaya. Mtu mwingine akapiga boneti kofi, dereva akashtuka. Niseme kwamba nilifungua mdomo. Niseme pia kwamba niliufunga. Ulimi wa mtu aliyezungumza robo saa kuhusu mlango haukupata hata neno moja penye mlango.

Madam alivua viatu, akaviweka ndani ya gari. "Kayongo haijatoa ua," akasema. "Iking'olewa kabla ya kutoa mbegu, msimu ujao itakuwa kidogo. Jaduong', shamba lako liko wapi?"

Tuling'oa kwa wiki tatu, yeye, dereva na mimi, shamba baada ya shamba, kwa mikono, maana jembe hulikata tu. Mwanzoni watu walisimama mpakani wakitutazama. Baadaye wengine waliingia. Wengine hawakuingia kamwe, na sidhani walikosea. Jioni moja tukirudi, viganja vyangu vikiwa na malengelenge, nilijipa moyo.

"Madam, kwa nini ulisema ni yako?"

Alikuwa anatoa tope kwenye kucha. "Ni yangu. Ya nani, yako?"

Dereva alikohoa. Ilinichukua muda kuelewa hesabu yake: siku atakapokubali mbele ya watu kwamba sauti ile inaweza kutengenezwa, hakuna atakayesimamisha jembe tena kwa jina la marehemu.

Lakini hata hivyo watu hawakusimamisha majembe tena. Baada ya mavuno, kwa wale waliopata ya kuvuna, alizunguka mara moja ya mwisho. Alisema aliwaambia jambo asilolijua, na kwamba hatatangaza tena. Kisha akaviringisha waya wa maikrofoni na kuuweka ndani ya boksi la viatu. Mazishi yakachukuliwa na vijana wenye keyboard. Ofisi ilijikokota kwa michoro ya ukutani, halafu ikafungwa. Mimi nilienda Kisumu, nikawa mwandishi wa insha. Nimeandika nyingi kuhusu ukweli katika jamii. Zinasomwa shuleni.

Mwaka jana nilisikia kwamba Madam anaishi Kisegi, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Nikaenda. Simuni nilikuwa nimepakua ile sehemu ya tamthilia, yote, hadi majina ya mwisho. Sikuwa nimethubutu kuitazama. Nilijiambia ninampelekea zawadi.

Nilimkuta uani akiwatupia kuku mtama. Nywele alikuwa ameziacha ziwe nyeupe.

"Profesa," akasema bila kushangaa. "Umenenepa. Unakula insha?"

Tulikula samaki. Alinionyesha kifaa cha kufukuza mbu kwa sauti, alichokinunua juzi, huku mbu wakituuma. Kisha nikatoa simu, nikamwambia nilichokuja nacho. Alivaa miwani, akaisogeza skrini karibu na uso. Wazungu wakavuta sigara zao. Nusu saa ikapita. Mteja akasukuma karatasi. *Maneno haya ni yako?* Mkuu akainua macho.

"Simamisha," akasema Madam.

Nikabonyeza. Mdomo wa mzungu ukabaki wazi kidogo, kama miaka yote ile.

"Si unataka kujua?"

"Huyu najua atakachojibu." Kidole chake kilipita juu ya meza, juu ya wateja, kikasimama pembeni ya skrini, mahali palipo na mlango. "Watu wangapi niliwauliza kuhusu mkubwa? Wote walimtazama mkubwa. Hakuna mtu amewahi kuniambia huyu kijana alisema nini. Na ana mdomo."

Kuku mmoja alidonoa kiatu changu. Sikumfukuza.

"Yalikuwa yangu, Madam," nikasema. "Mimi ndiye niliyekata sauti yako. Hadi yale matatu ya mwisho."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso. "Nilijua siku ile ile, nikiwa na kikombe. Mimi nikisema jambo refu lazima nivute hewa katikati. Yule mama wa kwenye pikapu alisema yote bila kupumua. Nikajiuliza, huyu anaishije?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja. Nilifikiri utachukua msimu mmoja."

Nilianza kuomba msamaha, kwa urefu, kama nilivyozoea. Aliinua mkono, akanikata. Akaingia ndani akatoka na boksi la viatu. Waya ulikuwa umeviringishwa kama alivyouacha. Akaniwekea maikrofoni mapajani.

"Mimi ulichoniambia nilikuwa nakijua," akasema. "Jaduong' bado yuko hai. Yule dada wa simu ana duka sasa, pale pale sokoni. Kesho kutwa ni siku ya soko Ndhiwa. Dereva nilishampigia ulipokuwa unanawa mikono."

"Madam, wataniua."

"Pengine. Sijajaribu." Akavuta kiti, akakaa mkabala nami, kuku wakiwa miguuni. "Anza hapa. Nisikie kama ni ndefu."

Niliishika ile maikrofoni isiyounganishwa na chochote. "Watu wa Ndhiwa mimi ndiye niliyetengeneza lile tangazo la mbegu sauti haikuwa ya Madam ilikuwa—"

"Ngoja," akasema. "Pumua kwanza."